Dirisha la Mke Wangu

"Shemeji, Jumamosi uje ukate utepe. Ile stoo tumeipa jina la marehemu."

Mkuu wa idara huyo, kwenye simu, sauti imejaa asali.

Mimi ni fundi wa madirisha, shule niliiacha njiani. Msomi alikuwa mke wangu, msomi wa historia ya kale. Kazi yake aliifanyia kwenye stoo hiyo, nusu yake chini ya ardhi, chumba hakina hata tundu, ukungu umetambaa ukutani, yeye ameinama anaunganisha vipande vya vyungu vya watu wa kale.

"Mke wangu, kifua hicho si mafua."

"Nikimaliza chungu hiki napumzika."

"Kwa hiyo hicho chungu ndiye mume mwenzangu?"

Akacheka, kikohozi kikamkatiza. "Ana miaka elfu tatu huyo. Mheshimu mkubwa wako."

Nikamtengenezea dirisha, nikalibeba mwenyewe hadi kwa Mkuu. Hakulitazama.

"Ukuta wa ofisi hautobolewi kienyeji, shemeji. Mkeo alete maombi kwa maandishi."

Mke wangu akaandika. Akaandika tena. Mkuu yuko juu huko, kiyoyozi kinampuliza.

"Nakuja na nyundo, nautoboa mwenyewe," nikamwambia mke wangu.

"Ukinifukuzisha kazi sikusamehe. Nivumilie, baba."

Nikavumilia. Hadi wodini, mpira wa oksijeni puani. Meseji yake ya mwisho ninayo:

"Nimeota umenifungulia dirisha. Upepo ulikuwa mtamu, mume wangu."

Asubuhi yake wakanikabidhi nguo zake.

Jumamosi nikaenda. Dirisha hilo kwenye ukuta wa stoo, jipya, pana, limeachwa wazi! Kumbe ukuta ule unatoboka. Wamepaka rangi juu ya ukungu, lakini harufu ni ile ile aliyokuwa akirudi nayo kwenye nywele.

"Mpendwa wetu aliipenda sana kazi yake," Mkuu akahutubia. Wakubwa wenzake wakapiga makofi. Nikapewa mkasi.

Nikauweka mezani. Nikalifunga dirisha. Nikafunga na mlango, nikauegemea.

"Shemeji, vipi tena?"

"Kaeni kidogo. Mwenzenu alikaa."

Wakacheka, wakadhani utani wa mfiwa. Kisha suti zikaanza kulowa. Mmoja akakohoa. Mwingine akajipepea kwa ratiba ya sherehe, picha ya mke wangu ikienda mbele na nyuma.

"Shemeji, tafadhali! Fungua, hewa hakuna!"

Nikamtazama machoni.

"Lete maombi kwa maandishi."