Sita Waliobaki Chini

Barua ya kwanza ilinuka udongo mbichi.

Mwalimu Honoratha aliisikia harufu kabla ya kusoma. Alikuwa peke yake katika ofisi ya kijiji, Matongo, saa saba mchana, muda wake wa kusimamia kundi la barua pepe. Mwaka ule dhahabu ilikuwa imevuta watu kutoka kila upande, na kundi hilo ndilo lililowaunganisha wanakijiji na ndugu zao wa Migori na Nairobi. Kila barua ilisubiri kwanza kwake. Barua taka, zile za bahati nasibu na dawa za nguvu, alizifuta. Habari za misiba, harusi na ng'ombe waliopotea alizipitisha. Kwa miaka miwili hakuna hata moja iliyokuwa yake. Kwao Bukoba walikuwa wameacha kumwandikia.

Wasio na anwani ya barua pepe aliwafungulia mlango wa wageni. Mtu aliingia kwenye ukurasa wa kundi kwa kivinjari cha simu yoyote, akaandika bila kujisajili, na barua ikaja kwa jina la Mgeni. Alifanya hivyo kwa ajili ya Mama Aoko, ambaye mwenye kibanda cha kuchaji simu alimwandikia salamu za kumpelekea mwanawe Orwa, aliyeko Migori, bila kumtoza kitu. Tangu hapo, mara kwa mara, mwalimu alikuta viazi vitamu mlangoni kwake, vimefunikwa kwa jani.

Barua hii nayo ilitoka kwa Mgeni.

"Orwa, niko chini. Kuna maji. Njoo na kamba."

Akaifuta. Kesho yake, saa saba, ikarudi. Akaifuta tena, lakini safari hii akaitazama saa, maana Omondi, mdogo wake Orwa, alifukiwa shimoni saa saba mchana, mwaka uliopita, pamoja na wachimbaji sita ambao hakuna aliyejua kwao. Hakuna mwili uliopatikana.

Siku ya tatu hakuikuta ikisubiri. Ilikuwa imeshapita na kusomwa na kundi zima. Siku hiyohiyo aliufunga mlango wa wageni. Lakini kesho yake barua ilikuwepo tena, na chini ya sakafu ya saruji akasikia nyundo zikigonga mwamba, polepole, moja ikiachia nyingine, zikipanda kuja karibu na miguu yake, na ile harufu ikajaa chumba mpaka akahisi udongo kwenye ulimi.

Mama Aoko akamkuta amesimama nje, juani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Orwa amefika jana. Ana kamba."

"Mzuie."

"Nimzuie vipi? Anaitwa na ndugu yake." Mama akashusha sauti. "Mwalimu, kosa ni langu. Sijamzika."

Alieleza huku akitazama chini. Kwao Wajaluo, mtu asiyepatikana huzikwa kwa tunda la yago, lile refu na zito, linalolazwa kaburini mahali pa mwili. Wazee walimletea tunda mara mbili, na mara mbili alikataa.

"Nikilizika, nimekubali," alisema. "Nilikuwa nasema labda atatoka."

Honoratha akafunga ofisi. Akamshika mkono, wakaenda wote nyumbani.

Walizika asubuhi iliyofuata. Orwa alichimba mwenyewe, kisha akaliteremsha tunda kwa kamba ileile aliyokuja nayo, akaiachia ikaingia yote. Mchana Honoratha alitangaza msiba kwenye kundi, kwa jina kamili la marehemu. Barua zikakoma. Orwa akarudi Migori mzima, na jirani mmoja akalala kwa Mama Aoko wiki nzima ili asiwe peke yake.

Jumatatu, saa saba, Honoratha alifungua kompyuta. Mlango wa wageni ulikuwa bado umefungwa. Barua sita zilikuwa zinasubiri, zote za Mgeni, zote kwake, zenye maneno yaleyale.

"Mwalimu, Omondi amelala. Sisi hatuna mama huko juu. Hakuna anayejua tulikotoka. Na wewe hujaandikiwa siku nyingi."

Kidole chake kilikwenda kwenye kitufe cha kufuta, kikasimama. Kisha akaandika: "Nipeni majina yenu."

Maji baridi yakapanda kati ya vitufe vya herufi, yakamlowesha vidole. Chini ya sakafu nyundo sita zikanyamaza pamoja, kama watu wanaotazamana nani aanze kusema.