Kasha la Bi Sichana

Adhana ya magharibi ilikuwa haijaisha Mwanakheir alipobisha hodi kwa Bi Sichana, nyumba ya pili kutoka kwao, Kiponda, mjini Unguja. Kesho yake alikuwa anavuka bahari kumfuata mumewe Shamsi, aliyepata kazi ya reli huko Tabora, Tanganyika. Mizigo ilikuwa haina kamba. Alikuja kuazima kamba tu.

Mwatum, mwanawe, alikuwa ubavuni, akivuta ushungi wa mama yake.

"Shikamoo, Bi."

"Marahaba, mwanangu. Pita. Mimi siinuki tena."

Bi Sichana alikuwa kitandani tangu mwezi wa Mfunguo Mosi. Majirani walinong'ona kwamba roho yake imegoma kutoka. Mwanakheir hakuwajali. Bibi huyu ndiye aliyemkanda alipojifungua, akampikia uji wa pilipili manga, asitake hata kanga ya shukrani.

"Kamba ya nini?" bibi alisema. "Chukua kasha lile. Tia vitu vyako vyote."

Kasha lilikuwa pembeni, jeusi, lenye misumari ya shaba, refu kama mtu aliyejilaza.

"Kubwa mno hilo, Bi..."

"Lako. Lishike. Sema umepokea."

Mkubwa wako akupe kitu, umwambie sikitaki? Mwanakheir aliinama kwa adabu, akaliwekea mkono.

"Nimepokea, Bi. Ahsante sana."

Bi Sichana alifumba macho. Machozi yakamtiririka mpaka masikioni.

"Unisamehe," alisema.

Mwanakheir alidhani anaagwa. Alileta vitu vyake akavijaza humo humo chumbani kwa bibi, na asubuhi hamali wakalichukua kasha moja kwa moja hadi bandarini.

Mjomba wake Jecha ndiye aliyemvusha mpaka Dar es Salaam, akampakia kwenye treni. Makuli wanne walilibeba kasha, mishipa ya shingo imewatoka.

"Mama, umemfungia bwana humu?" mmoja alitania.

Watu wakacheka, na yeye akacheka. Lakini alishangaa. Ndani mlikuwa na nguo, sufuria mbili na mto wa sufi. Basi.

Halikuingia chini ya benchi. Likawekwa katikati ya behewa la wanawake, na abiria wakakunja miguu bila kunung'unika. Mwanamke mmoja wa Kinyamwezi, Mama Kalunde, alimwachia kiti cha dirishani ili mtoto apate upepo.

"Mama, huyu nnakuachia wewe," Jecha alimwambia Mama Kalunde kwa nje. "Hajui bara huyu." Treni ilipoanza kusogea, alimgeukia mpwa wake. "Sikutaka kukwambia mapema, ungerudi. Bi Sichana kafa. Hamali walipolivusha kasha kizingiti tu, akakata roho."

Treni ikamchukua Mwanakheir na kilio chake.

Gari moshi alilijua kwa masimulizi tu. Nyanya yake alipata kulipanda lile la zamani la Bububu, Unguja. Hili lilikuwa jengine. Mashamba ya mkonge hayaishi, milima inasogea kama inakuja, na watu wanasemezana lugha asizozijua. Mama Kalunde alimmegea muhogo wa kuchoma. Ugeni ukapungua kidogo.

Walipopita Morogoro, jua lilikuwa linazama. Mkono ulimfa ganzi kwa kupakata. Akatandika kanga juu ya kasha, akamlaza Mwatum.

Mtoto hakulala. Alipiga kifuniko kwa kiganja.

Ngo. Ngo.

Ndani ya kasha, kitu kikajibu.

Ngo. Ngo. Ngo.

Mtoto akacheka.

Harufu ikapanda... Ubani kwanza. Na chini ya ubani, kitu kibichi, kama bucha adhuhuri.

"Mama..."

Sauti ilikuwa nyembamba, kama ya mtu aliyebandika mdomo kwenye tundu la ufunguo. Tena Kiunguja safi, katika behewa ambalo Muunguja alikuwa yeye peke yake.

"Nna njaa. Nipe jina la mtu."

Mwanakheir akaganda. Wenzake walikuwa wanasinzia, vichwa vikicheza na mwendo wa treni.

"Hunipi? Basi ntamla huyu aliyenilalia."

Alimnyakua mwanawe. Mwatum alikuwa wa moto kama chungu kilichoteremshwa jikoni. Akamtilia ziwa mdomoni. Mtoto akageuza uso.

Hapo yakamrudia maneno ya shamba, Makunduchi, ambayo watoto walifukuzwa wasiyasikie. Kizuu. Jini la kufugwa. Hakiuzwi, hakitupwi. Mfugaji wake hafi mpaka mtu akipokee kwa mkono na kwa kinywa. Na kikiona njaa huomba jina, na mwenye jina hafiki asubuhi.

Jina moja tu, mwanawe apone.

Alitafuta moyoni mtu aliyemdhulumu. Alimpata Mmanga, mwenye duka aliyempunja sukari. Lakini Mmanga ana watoto wadogo. Alimpata msichana aliyemcheka kwenye chuo cha Kurani. Lakini naye alikuja siku ya harusi na sinia la visheti. Kila aliyemfikiria alikuwa amemtendea wema fulani.

Mama Kalunde alizinduka, akamgusa mtoto, akashtuka. Akamimina maji yake ya kunywa, yote yaliyobaki, akalowesha kitambaa na kumwekea Mwatum kwenye paji la uso.

Jina lake likamjia Mwanakheir mdomoni.

Kalunde.

Akauuma ulimi mpaka akaonja damu.

Ngo. Ngo.

Safari hii Mama Kalunde naye alisikia. Alitazama kasha, akamtazama yule mama kijana.

"Mwanangu, hili ulipewa?"

"Nilipewa."

"Ukakubali?"

"Nilikubali. Mtu mzima yule, mama. Ningesemaje?"

Mama Kalunde alivuta miguu yake mbali na kasha.

"Dawa yake siijui," alinong'ona. "Ukifika, liache. Shuka, wala usigeuke nyuma."

Tabora walifika kesho yake, alasiri. Pumzi ya Mwatum ilikuwa imebaki kama ya kifaranga. Mwanakheir alishuka na mtoto tu, hakugeuka. Shamsi alikuwa amesimama jukwaani na kaki zake za reli, meno yote nje.

"Twende! Mtoto mgonjwa, twende upesi!"

"Na mizigo?"

"Sina mizigo."

Nyuma yake mtu akaita.

"Mama! Mama Unguja! Umesahau kasha lako!"

Vijana wa behewa la pili, watu asiowajua, walikuwa wameshalishusha, wanahema, jasho linawatoka, wanatabasamu. Dirishani, Mama Kalunde alikuwa amejiziba mdomo kwa mikono miwili.

"Lo! Watu wema hawa," Shamsi alisema. Akawaendea kwa hatua ndefu, mikono mbele. "Poleni, ndugu zangu. Leteni niwapokee."

Mwanakheir alifungua mdomo amzuie. Akauhisi mwili wa mwanawe unavyowaka kifuani pake.

Mdomo ukabaki wazi. Neno halikutoka.

"Haya, nshapokea!" Shamsi alisema kwa kicheko, akainua. "Mbona jepesi?"

Mwatum akapoa pale pale. Akaanza kutafuta ziwa.

Jioni ile, kwenye kota za reli, Shamsi hakugusa chakula. Alikaa kizingitini, mgongo kwa mkewe, akitazama watoto wa majirani wakicheza gololi. Kasha lilikuwa nyuma yake, kimya. Mwanakheir alinyonyesha, akamshukuru Mungu, akaona haya kumshukuru.

"Shamsi... ingia ndani."

Shamsi alimwita mtoto mmoja kwa kidole, taratibu, kwa upole ambao mkewe hakupata kuusikia.

"Njoo, baba. Njoo uniambie. Jina lako nani?"

Mwanakheir alitaka kupiga kelele. Mtoto alikuwa ameshakuja mbio, amefuta vumbi mikononi. Alikuwa amefunzwa vizuri kwao. Akaamkia kwanza, kisha akajibu.