Uji Ukutani

Kila akitoka shule, Chapuchapu alipitia karakana ya shangazi yake, akavaa glavu zilizomfika viwikoni na kufagia vipande vya waya. Jina hilo alipewa na bibi yake, aliyedai kuwa mtoto huyo humeza chai kabla haijamiminwa. Siku hizi bibi hakutania sana. Figo zilikuwa zimechoka, miguu imemvimba, na kila mara baba alimpeleka hospitali kusafishwa damu, kwa pikapu iliyokohoa kuliko mgonjwa mwenyewe.

Jioni moja ilinyesha mvua ya kuwafanya bata watafute miavuli. Rejeta ya pikapu, ile inayopoza injini kwa maji, ilikuwa mezani, mrija wake uliopasuka umebanwa kwenye jiliwa, kibanio cha chuma. Shangazi aliuziba ufa kwa lehemu ya moto, yaani risasi iliyochanganywa na bati.

"Usiiguse mpaka nirudi," alisema. "Bibi yako ananiita."

Chapuchapu aliinua macho kwenye mchoro wa chaki ukutani. Upande wa kushoto ilikuwa risasi tupu, kulia bati tupu, na katikati michanganyiko yake. Kadiri mchoro ulivyopanda juu, ndivyo joto lilivyozidi. Mistari miwili ilikatiza mchoro. Juu ya mstari wa juu shangazi aliandika MAJI. Chini ya mstari wa chini, GUMU. Kati ya mistari hiyo aliandika UJI.

"Shangazi naye! Njaa mpaka ukutani!" Chapuchapu alicheka.

Lehemu ilipoacha kumetameta, alidhani imeshakuwa ngumu. Akalegeza jiliwa, auchomoe mrija mwenyewe, asifiwe. Lehemu ikasogea kama utando wa maziwa, ikakunjamana, ikapauka. Ilipopoa, alichukua rangi nyeusi akaipaka juu.

"Umeshapaka rangi?" shangazi alishangaa aliporudi.

"Nilitaka kukusaidia."

"Haya, ahsante mwanangu."

Ahsante hiyo ilimchoma kuliko kofi.

Asubuhi rejeta ilikuwa imeshafungwa garini. Baba alimbeba bibi, miguu yake ikining'inia, mizito, iking'aa kwa uvimbe. Mkono wa baba ulikuwa tayari kwenye ufunguo Chapuchapu alipoukimbilia mlango wa gari.

"Baba, usiwashe! Niliigusa lehemu. Nikaificha kwa rangi."

Shangazi alikwangua rangi. Chini yake kulikuwa na nyufa nyembamba kama nywele.

"Ingepasuka njiani," baba alisema, "na mama ndani."

Waliifungua rejeta, shangazi akawasha moto upya. Hakumtazama mpwa wake alipomwonyesha ukuta.

"Lehemu hii ina risasi nyingi. Ikipoa haigandi mara moja. Inapita hapa kwanza, kati ya mistari: nusu maji, nusu chembe ngumu. Ukiitikisa, chembe zinaachana. Uji, basi. Ulidhani nini?"

"Nilidhani una njaa, Shangazi."

Siku nyingine wangecheka. Walikaa mikono mapajani, mpaka mrija ukapoa kabisa. Garini bibi alipumua kwa shida. Rejeta ilipojazwa maji, hata tone halikutoka.

Hospitali walichelewa. Zamu ya bibi ilikuwa imepewa mgonjwa mwingine, naye alisubiri kwenye benchi mpaka giza lilipoingia, ndipo mashine ikapatikana. Alirudi nyumbani amesinyaa, lakini anapumua.

"Mke mwenzangu," alimnong'oneza Chapuchapu, "leo umeyaweka maisha yangu rehani."

Chapuchapu alilia. Shangazi alimfuta uso kwa kiganja kilichokwaruza.

"Sikiliza. Kuharibu lehemu ni sehemu ya kazi, hata mimi nimeharibu nyingi, na tungeirudia jana hiyohiyo kabla chai haijapoa. Ile rangi ndiyo iliyomweka mama yangu kwenye benchi kutwa nzima. Ukikosea, niite kosa likiwa bado wazi. Usilipake rangi."