Namba ya Mwisho Kwenye Kichupa

Mwewe hakuweza kusoma namba.

Bastola ya Glock ilikuwa kiunoni. Redio ya Motorola ilikuwa sikioni. Mlinzi wa ghala, pandikizi la mtu waliyemwita Bonge, alikuwa sakafuni, mikono imefungwa kwa waya. Kazi ngumu ilikuwa imekwisha.

Mezani yalikuwa maboksi kumi ya dawa ya sindano, kila moja lina vichupa kumi na viwili. Wahuni walikuwa wamepenyeza maboksi mawili ya sumu katika mzigo wa hospitali. Namba ya toleo ikiishia na tatu, dawa. Ikiishia na nane, kifo. Watoto tisini na sita walikuwa wanasubiri wodini, kila mmoja kichupa chake. Dereva wa hospitali angefika saa nne.

Ilikuwa saa tatu na nusu.

Namba zenyewe, kwenye kila kichupa, zilikuwa ndogo kama mayai ya chawa.

Mwewe alichomoa kichupa cha boksi la kwanza, akanyoosha mkono, akakunja uso.

Nane.

Akalitupa boksi chini, akalisagasaga kwa kisigino. Akachukua la pili. Nane. Kabla hajalitupa akachungulia la tatu. Nane tena.

Jasho likamtoka.

"Mitambo, yote yana nane," alimwambia msaidizi wake redioni.

"Haiwezekani, kaka." Sauti ya mwanamke, kavu. "Miwani iko wapi?"

"Mimi si mtu wa miwani."

"Daktari wa macho amekuita mara ngapi?"

Mara nne.

"Basi tumia simu. Fungua kamera, kuza picha."

"Kamera si mliiziba nyinyi kwa gundi!"

Ilikuwa kweli. Idara ya ujasusi huziba kamera ya kila simu ya kazi, siri zisitoke. Akachomoa kalamu ya kijasusi. Kamera yake hunasa sura ya mtu umbali wa mita hamsini. Kwa kichupa kilichokuwa mbele ya pua ilitoa ukungu mtupu.

Akaitupa ukutani.

"Nikusomee, mzee wangu?" Bonge aliuliza kutoka sakafuni.

"Funga domo."

Mwewe akampekua, akakuta Samsung ya kioo kilichopasuka. Akamkamata kidole gumba, akakibandika kwenye simu. Ikafunguka. Akagusa kamera.

Akajiona mwenyewe, damu mdomoni, jino la mbele halipo.

"Ebo!"

"Igeuze," Bonge alisema. "Hapo pembeni."

Akaigeuza. Akawasha taa. Kichupa kikang'aa kama jua, namba zikapotea. Akaiinamisha simu. Simu haikutulia, namba zikacheza.

"Iegemeze kwenye kikombe, kisha gusa hiyo namba kwenye kioo. Mama yangu husoma hivyo karatasi za vidonge vyake, naye ana miaka sabini."

Mwewe alimtazama kwa hasira. Kisha akachukua kikombe.

Namba ikasimama, kubwa kama namba ya nyumba mlangoni.

Tatu.

Mara kioo kikabadilika. Simu inaita. Bosi.

"Mshenzi huyu!" Mwewe alinong'ona. Akapokea.

"Bonge, vipi? Mzigo uko sawa?"

"Mm."

"Nakuja geti la nyuma. Gari jeupe."

"Mm."

Akakata. "Mitambo, bosi wao yuko njiani. Geti la nyuma, gari jeupe."

"Tumekupata."

Akarudi kwenye kikombe. Tatu. Tatu. Nane, kando. Tatu. Nane, kando. Saa nne kasoro dakika tano alikuwa amesoma yote tisa: saba ya dawa, mawili ya sumu.

Saba. Yalitakiwa manane.

Mwewe alichuchumaa, akaokota kipande cha kichupa chenye karatasi, akakiweka chini ya kamera. Alikitazama muda mrefu.

"Inasemaje, mzee?" Bonge aliuliza.

Mwewe akakitia kipande mfukoni.

Nje, gari jeupe lilikuwa limezingirwa na bosi amelala kifudifudi. Dereva wa hospitali alipakia maboksi yake, akaondoka. Mwewe akafuta damu kwa kiganja, akavuka barabara bila kugeuka, mikono mfukoni, kama mtu anayetoka kunyoa ndevu.

Gharama ya siku ile: jino moja la mbele. Kalamu moja ya kijasusi. Vichupa kumi na viwili vya dawa halali. Watoto kumi na wawili waliambiwa wangoje kesho.

Kesho yake dawa ilifika saa tano asubuhi.

Waliokuwa wanaingoja ni kumi na mmoja.