Jina la Kujaribia

Esnah alijitakia, nami nasema hivi huku nikimlilia. Nyamira nzima ililijua duka lake la kuandika historia za marehemu, zile zinazosomwa siku ya mazishi. Baba yake, mzee Obadiah, aliziandika kwa kalamu ya kuchovya wino, baadaye kwa taipureta. Yeye akaja na kompyuta. Jumatatu moja akanunua simu ambayo unaiongelesha tu, inaandika yenyewe.

Marehemu mzee alikuwa na mwiko mmoja: chombo kipya kijaribiwe kwa jina la mtu aliyekwisha kuzikwa. "Kina mwenyewe ndani," alikuwa akisema, "na jina la kwanza ndilo chakula chake." Esnah aliona ni ushamba. Akaisogeza simu mdomoni, akacheka: "Historia ya marehemu Phanice Nyanchera."

Binti yake wa pekee! Jamani, majina yalikuwa yameisha duniani?

Simu ikaandika. Kisha, Esnah akiwa amenyamaza, ikaendelea: Aliugua ghafla akiwa darasani.

Duka likaanza kunuka utepe wa wino wa taipureta, harufu ambayo hakuwa ameisikia tangu wamzike baba yake. Simu ikaita. Alikuwa mwalimu.

"Mama Phanice, njoo haraka. Mtoto ameanguka, anachemka."

Esnah akaizima simu. Kompyuta ikawaka: Alikimbizwa hospitalini. Akachomoa waya, kalamu ya daftarini ikasimama wima, ikaandika, Madaktari walijitahidi, na Esnah akafa ganzi, kwa kuwa sentensi inayofuata alikuwa ameiandika mara elfu, na kabla hajapiga yowe akasikia chini ya meza, ndani ya gunia, taipureta ya mzee ikigonga, ta, ta, ta, polepole, kama mtu anayetafuta herufi.

"Baba, nifanyeje?" akanong'ona. "Ni mtoto wangu!"

Akainama chini ya meza. Akaivuta taipureta nje. Karatasi ilikuwa imeshawekwa, jina la Phanice liko juu. Historia ikishaanzwa haijawahi kutoka duka lile bila marehemu wake, na Esnah alilijua hilo. Akaligongea jina la mtoto herufi x mpaka likazibika lote, akaandika juu yake: Esnah Mong'ina.

Akawasha simu, akampigia mwalimu.

"Mama Phanice, tulia. Ameamka, anadai chai."

"Asante Yesu," Esnah akasema, akicheka na kulia kwa pamoja.

Nyuma yake kengele ya taipureta ikalia. Ikahamia mstari mpya, ikagonga yenyewe: Marehemu ameacha binti mmoja.