Mabati Sita ya Chombo cha Mwezini

Ndugu zangu wa Njombe, nawaomba mnisikilize kabla hamjamhukumu Efraimu. Hakuwa mlevi wala mvivu. Mwaka 1956 alikuwa seremala wa kutegemewa, na jioni za Oktoba yeye na mkewe Tabea walikaa uani wakipukuchua mahindi, binti yao Hulda akicheza na magunzi. Ghala lao dogo liliezekwa kwa mabati sita. Humo mlikuwa na chakula chote cha kuwafikisha mavuno yajayo, pamoja na mbegu.

Kisha mpima ardhi mmoja, aliyekuwa akirudi kwao Ulaya, alimwachia Efraimu kamera ndogo ya sinema na mikanda miwili. Tangu hapo Efraimu hakutulia. Alitaka kutengeneza sinema fupi: mtu wa mwezini ashuke Njombe, ampende msichana anayelima, kisha alazimike kurudi kwao. Nahumu, utingo wa lori la Makambako, angekuwa mtu wa mwezini. Priska wa kwaya angekuwa mpenzi wake. Chombo cha kumshusha kutoka mwezini walikifunga kwa mianzi kilimani. Kilikosa kitu cha kung'aa juani.

"Mama Hulda, naomba kuazima mabati ya ghala. Siku mbili tu."

"Na mvua ikija, Baba Hulda?"

"Oktoba hii? Nitafunika kwa mikeka."

Siku mbili zikawa wiki tatu. Kamera ile ilihitaji jua kali, na kila asubuhi ukungu ulifunika kilima. Efraimu alitoka nje mara kumi kutazama anga. Tabea naye alitoka kulitazama anga hilohilo, akiomba mawingu yapite.

"Shemeji, usitununie," Nahumu alimwambia, kichwa kikiwa ndani ya debe lililotobolewa macho. "Mtu wa mwezini nanuka mafuta ya taa, na bado Priska ananipenda!"

"Anakupenda kwenye sinema. Mahindi yangu ni ya kweli. Rudisheni mabati."

"Imebaki sehemu ya kuagana tu," Efraimu alisema. "Kesho."

Nani kati yetu hajawahi kuisema kesho hiyo?

Mvua ilikuja Novemba, siku nne mfululizo. Efraimu alirundika mikeka juu ya mikeka, lakini chombo hakukibomoa. Siku ya tano Tabea alipotia mkono ghalani, mahindi yalikuwa ya moto, yamechipua, yananuka uvundo. Saa hiyo jua likatoka.

"Nisaidie kuyaanika," alisema. "Huenda tukaokoa mbegu."

Efraimu alitazama mahindi, akatazama kilima. "Saa moja tu. Jua hili likipotea, sinema imekufa."

Alikaa kilimani hadi saa tisa. Nahumu na Priska waliagana vizuri mno, Priska akatoa machozi ya kweli. Efraimu aliporudi nyumbani, mvua ilikuwa imeanza tena, na mahindi yalikuwa nusu uani, nusu ghalani, yote yameloa. Jirani yao Getruda alisimama barazani.

"Mkeo amepanda lori la Makambako, kwa kaka yake. Amesema mtoto hali sinema."

Mikanda ilipelekwa mbali kusafishwa, ikarudi baada ya miezi mitano. Efraimu akaibeba hadi Makambako. Tabea alimkuta mlangoni, hakuitazama.

"Shambani umepanda nini?"

Efraimu akaiweka mikanda chini. Tabea akampa uji. Aliunywa, akarudi Njombe peke yake.

FUNZO

Kutengeneza sinema si kosa, na kuota si dhambi. Lakini ukitaka kujenga ndoto yako, jenga kwa kilicho chako. Usiezue paa la chakula cha watoto. Na wa nyumbani mwako akikuita umsaidie, mwitikie saa ileile.