Posa Iliyojikataa

“Bamekatala,” alisema Fanwell, akavua kofia yake kama aliyetoka mazishini.

Didier hakushangaa. Aliendelea kuranda ubao wa mtumbwi pale ufukoni Kashikishi, machozi yakimlenga, akasema alijua tangu mwanzo. Mtu aliyekimbia vita ng'ambo ya ziwa mwaka jana tu, 1998, bila ndugu wala nyumba, angepewaje Mapalo, binti wa Mzee Kapembwa?

Fanwell alikuwa shibukombe wake, yaani mshenga, maana kwa desturi ya pale mwoaji hajisemei. Na alikuwa mshenga mwaminifu: unachomtuma ndicho anachofikisha, haongezi chumvi.

Asubuhi Mapalo mwenyewe akaja na beseni la samaki kichwani. Akalitua, hakusalimia.

“Didier, ulimutuma Fanwell aseme nini kwa batata?” akauliza, akimaanisha baba yake.

“Ukweli. Ya kama niko mukimbizi. Ya kama sina kintu. Nilitaka asikie kwangu mbele asikie kwa batu.”

“Na mabwato?”

Didier akainamisha kichwa. Alikuwa amemtuma Fanwell aseme kwamba hata mitumbwi anayoiunda, hawezi kuapa kuwa haivuji.

“Batata alisema hivi,” Mapalo akasema. “Mukimbizi, nilimukubali. Masikini, nilimukubali. Lakini fundi mwenye haamini bwato yake, nitamupatia mutoto yangu namna gani? Weye njo ulijikatala, Didier. Batata aliitika tu.”

Maneno yalimchoma kwa kuwa yalikuwa kweli. Wavuvi wa kuanzia kisiwa cha Chisenga mpaka Mununga waligombania kazi ya mikono yake. Kizuri chajiuza, walisema wahenga, lakini wahenga hawakukutana na Didier, aliyekipaka kizuri chake matope kabla mnunuzi hajafika. Mtumbwi mpya uliposhushwa majini, yeye alibaki nchi kavu kwa hofu, wenyewe wakaujaribu. Mapalo alikuwa ameliona hilo siku nyingi.

Akamweleza kwamba shangazi yake wa Chienge ameleta posa ya mwalimu, na baba atatoa jibu baada ya wiki mbili.

“Miye ninakupenda,” akasema. “Lakini siwezi kukuamini peke yangu. Ile ni kazi ya batu babili.”

Akajitwika beseni, akaenda zake.

Siku tatu Didier alimalizia mtumbwi aliokuwa akiuranda. Ya nne akamwita Fanwell, akampa ujumbe mwingine.

“Muambie batata, kesho miye mwenyewe ninavuka Chisenga na bwato mupya. Kama anapenda, akuje tuende naye.”

Fanwell alikuna kichwa. Tangu aanze ushenga hajawahi kupeleka posa ya namna hiyo, akauliza kama hakuna neno la kuomba radhi la kuongezea. Didier akasema hakuna.

Mzee Kapembwa alikuja, uso ameukunja, Mapalo nyuma yake. Didier alikwisha kuketi, kafi mkononi. Mapalo akaingia mtumbwini kabla hajakaribishwa, na mzee, asiyetaka kushindwa ujasiri na binti yake, akafuata.

Katikati ya ziwa upepo uliamka. Hofu ilimshika Didier, tena sana, lakini alipiga kafi vilevile. Uzuri ulioje, mtu anayeogopa na bado anasonga! Mzee akainama, akapapasa maungio ya mbao chini ya miguu yake, moja baada ya jingine. Alipouinua mkono, ulikuwa mkavu.

“Shibukombe yako alinidanganya,” akasema. “Alisema bwato yako inaingia maji.”

“Hapana, batata. Fanwell alisema ile nilimutuma. Miye njo nilikudanganya. Bwato yangu haiingie maji.”

Nyumba za wavuvi wa Chisenga zikaanza kuonekana. Mzee akauliza, macho ameyaelekeza kisiwani:

“Utaoa mutoto yangu lini?”

Didier wa jana angejibu kama Mungu akipenda, kama mutaona ninafaa, kama, kama.

“Samedi ya kwanza ya mwezi wa munane.”

Mapalo alicheka mpaka akafuta machozi kwa kitenge. Nani asingelia? Mwanaume wake alikuwa amefika, na hakuna aliyembeba.

Jumamosi hiyo kanisa lilijaa wavuvi hadi madirishani. Mchungaji akaanza kumuuliza Didier kama anamkubali Mapalo kuwa mkewe, katika shida na raha. Bwana harusi akajibu “Ndiyo” kwa sauti iliyosikika mpaka nje, na mchungaji alikuwa bado hajafika kwenye raha.